Mkopo wa Ukuta wa Mbele

Risasi iliingia kwetu asubuhi, saa mbili hivi, na ikaishia ndani ya gunia la maharage. Askari walikuwa wanashuka kutoka mapigano ya kaskazini, wamechoka, wengine hawana viatu, na mmoja wao akafyatua. Sijui alimlenga nani, au kama alilenga. Ubao wa mbele wa nyumba yetu haukuizuia hata kidogo. Ulitoboka tundu safi, la kuingiza kidole, kwa urefu wa kiuno cha mtu mzima. Mama alimwaga maharage yote juu ya mkeka, akaipata ile risasi, akampa baba. Kisha akayarudisha maharage guniani, na jioni yake tukayapika.

Chumba cha mbele ndicho walicholala mama mudogo na watoto wake wanne. Asubuhi jua lilipogonga mbao za upande wa barabara, yule mdogo wa mwisho alikuwa na tabia ya kuegemea mgongo palepale ili apate joto. Siku ile hakuwepo, alikuwa amefuata wenzake kisimani. Mama alipima kimo chake na lile tundu kwa kiganja. Tangu siku hiyo alianza kuzungumza juu ya mawe.

Mama mudogo ni mdogo wake mama, wa tumbo moja. Alikuja kwetu Goma, mtaa wa Murara, akitokea upande wa Rutshuru, sehemu ya njia kwa miguu, sehemu juu ya lori la makaa. Kichwa cha cherehani alikuwa amekibeba mgongoni, amekifunga kwa kitenge kama mtoto mchanga, na mtoto mwenyewe anatembea. Mume wake alibaki kulinda shamba. Habari zake hatukuzipata tena, na baada ya miezi kadhaa tukaacha kumuuliza mama mudogo, kwa sababu kila alipoulizwa aliacha kula. Miguu ya cherehani tulimtafutia, na nyumba ikawa na sauti mpya. Hata sasa, nikisikia cherehani dirishani kwa mtu, husimama kidogo.

Tulikuwa watu kumi na mmoja katika vyumba vitatu. Baba alikuwa dereva wa lori la kwenda Butembo, akirudi mara mbili kwa mwezi, akilala siku nzima na kuondoka. Mama alikuwa na meza ya samaki wa chumvi na mafuta ya mawese kule soko la Birere. Mimi nilikuwa mkubwa wa watoto, niko mwaka wa mwisho wa sekondari, na kwa kuwa nilijua Kifaransa cha karatasi, kila karatasi ya nyumbani ilipitia mkononi mwangu.

Mama alitaka kuvunja mbao za mbele na kujenga ukuta wa mawe ya volkano na saruji, na nyuma yake chumba cha kweli, chenye dirisha na sakafu, kwa ajili ya mdogo wake na watoto. Baba hakutaka mawe. Alikuwa amekimbia mara mbili katika maisha yake, mara moja mbele ya vita na mara moja mbele ya moto wa mlima, na mara zote mbili alirudi akazikuta mbao zake nyingine nzima, akazing'oa, akazipigilia mahali pengine.

"Mbao unabomoa, unapakia, unaenda," alimwambia mama. "Jiwe utalifanya nini? Utalibeba kichwani?"

"Sitaki kwenda," mama akajibu. "Nataka nikae, na risasi ikae inje."

Baba alicheka, akanitazama mimi kana kwamba mimi ndiye hakimu. Kisha akasema kwamba pesa ya mawe hana, na kama mama anayo, yeye hatashika mkono wa fundi, si kumzuia wala kumsaidia.

Mama hakuwa nayo. Alianza kutafuta mkopo jinsi alivyozoea kutafuta samaki: anazunguka kote kwanza, anauliza bei, hanunui.

Milango ilikuwa mitatu. Wa kwanza ulikuwa chama cha akina mama wa parokia, waliokutana Jumapili baada ya misa wakizunguka sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa na mama wake. Hao walikopesha kwa kujuana tu. Mkopo wao ulikuwa wa miezi mitatu na ulitosha mabati machache na misumari. Wa pili ulikuwa mfanyabiashara wa mbao, mtu wa kwetu, mwenye stoo pembeni ya Birere. Yeye hakutoa pesa, alitoa mbao zenyewe, mpya, nene, ukalipa kidogokidogo kila wiki. Hakuuliza karatasi yoyote. Alimjua babu yetu. Wa tatu ulikuwa koperative, chama cha akiba na mikopo chenye ofisi ya vioo na foleni ya viti vya plastiki. Hapo ndipo pesa ya mawe ilipokuwa, miezi kumi na minane ya kulipa, na walitaka karatasi ya kiwanja iwekwe kwao mpaka siku ya mwisho.

Mama alikaa na milango hiyo mitatu kwa wiki kadhaa. Akiwa anachambua samaki alikuwa akisema peke yake: mbao, mawe, mbao. Mama mudogo hakuambiwa. Mama alitaka amwonyeshe chumba kikiwa kimesimama, kwa sababu alijua mdogo wake angekataa watu waingie deni kwa ajili yake. Ndiyo sababu mashauri yote tuliyafanyia Birere, nyuma ya meza, nikitoka shule.

Siku alipoamua, tulienda pamoja koperative. Kijana wa dirishani alinipa fomu ya kurasa nne. Nilikaa pembeni kujaza: jina la kiwanja, kazi, mapato, vitu vya thamani vilivyomo nyumbani. Nikafika penye idadi ya watu wanaotegemea mapato hayo. Nilirudi dirishani kuuliza kama waandikwe wote walalao humo.

Yule kijana hakuinua kichwa. Alisema kamati ikiona midomo mingi kwenye meza moja ya samaki, haisomi ukurasa wa pili.

Niliandika sita. Baba, mama, mimi na wadogo zangu watatu. Nilikuwa na mwandiko mzuri na nilijivunia jinsi fomu ilivyojaa bila kufutwa. Kisha nikamsomea mama kila mstari, nikigeuza Kifaransa kwa Kiswahili, na nilipofika kwenye hiyo sita sikupunguza sauti wala sikuipandisha. Mama alikuwa anakunja ukingo wa kitenge chake. Akaniuliza mstari unaofuata unasema nini.

Kuna jambo ambalo mtu wa mji mwingine hawezi kulijua mpaka aelezwe. Katika miaka ile, Goma ilikuwa mji wa kuhesabiwa. Watu wenye kofia na majalada walipita avenyu kwa avenyu wakiandika walioathirika na vita, na tuliwaita watu wa fishi, kwa sababu ya zile karatasi zao. Mtu wa fishi akionekana mwisho wa barabara, mtaa mzima ulijua la kufanya. Watoto waliitwa, wakapigwa maji usoni, wakapangwa kuanzia mrefu. Aliye na wachache aliazima kwa jirani. Binti mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwa amehesabiwa katika kaya tatu kwa siku moja, na kila kaya ilipata unga wake wa msaada. Radio ilifichwa. Kiti kizuri kilitolewa kwa mlango wa nyuma. Hapakuwa na aliyeona ni uongo. Unga haukutosha kamwe kwa hesabu ya kweli, kwa hiyo watu waliongeza hesabu ili ufikie ukweli wa njaa yao. Na hakuna aliyeijua kazi hiyo kama mama mudogo, aliyekuwa amepita kambi mbili kabla ya kufika kwetu.

Afisa wa mikopo alituahidi kuja Ijumaa kuangalia nyumba. Alikuja Jumatano.

Nilikuwa natoka shule. Tangu kona nikaona watoto wamepangwa mbele ya zile mbao, mabega yao yanagusana, nyuso zinang'aa maji. Nilihesabu wanne wa mama mudogo, wadogo zangu watatu, na wengine ambao walikuwa wa majirani. Muzee wa nyumba ya pili, ambaye alipenda shughuli yoyote, alikuwa amekaa mwisho wa mstari juu ya ndoo. Ndani, sebule ilikuwa tupu. Makochi yetu mawili na televisheni vilikuwa vimeshahamia kwa jirani. Afisa alikuwa amekalia kiti cha pekee kilichobaki, kile cha cherehani, na cherehani yenyewe haikuonekana.

"Tuko kumi na sita," mama mudogo alikuwa anamwambia kwa sauti ile ya kambi, sauti ya chini, iliyochoka. "Na mwengine iko njiani." Akajishika tumbo ambalo halikuwa na kitu.

"Mama, na nani anawalisha hawa wote?"

"Nani, papa? Mungu. Tunakula mara moja. Siku zingine tunaruka."

Afisa aliandika. Alikuwa kijana wa kawaida, shati limepigwa pasi, viatu vimejaa vumbi letu jeusi. Akamgeukia yule muzee.

"Muzee, nawe unaishi humu?"

"Naishi humu."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi," muzee akasema, na majirani waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko, na afisa naye akacheka mpaka akajifuta macho. Mimi nilikuwa nimesimama na mkoba wa shule begani, na nilitamani kicheko hicho kisiishe, kwa sababu nilijua kitakachofuata.

Kilipoisha, afisa alifungua jalada, akatoa kurasa zangu nne. Akamwambia mama mudogo kwamba yeye si mtu wa chakula. Ametoka koperative, kwa ajili ya mkopo wa ukuta. Akasoma kwa kidole.

"Hapa wameandika sita. Nani aliandika?"

"Mimi," nikasema.

Mama mudogo alinitazama kana kwamba nimeingia sasa hivi. Hakukasirika. Aliuliza tu, kwa sauti yake ya kweli, ile ya nyumbani: "Sita ni nani na nani?"

Kisha akaanza mwenyewe, akikunja kidole kimoja kimoja: baba yenu, mama yenu, wewe, na huyu, na huyu. Mkono mmoja ukaisha. Akainua kidole cha mkono wa pili kwa ajili ya mdogo wetu wa mwisho, na hapo akakaa akikiangalia. Watoto wake walikuwa bado wamesimama kwenye mstari, wamenyooka, wakisubiri kuandikwa.

Afisa aliniita nje. Hakuwa mkali, na hilo lilinikwaza zaidi. Alisema alichoona ni kaya ya watu wengi bila kiti, na akiandika hivyo mkopo umekufa. Lakini alikuwa amekuja kabla ya siku yake, na hilo lilikuwa kosa lake. Angerudi wiki ijayo, Alhamisi. "Nikikuta sita, nitaandika sita," akasema. "Wengine walienda wapi, mimi siulizi." Na kama mkopo utapita, atakuwa anapita kila baada ya miezi mitatu kuangalia nyumba, mpaka deni liishe.

Mama aliporudi kutoka Birere alikuta makochi yamesharudishwa na mdogo wake anashona kama kawaida. Nilimweleza yote nje, karibu na pipa la maji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alipoingia ndani alikaa sakafuni, pembeni ya cherehani, akasema alikosea kuficha, kwamba mkopo ulikuwa wa chumba chake, wake na watoto, ndiyo maana. Mama mudogo alikata uzi kwa meno. Alisema ameelewa. Na kweli alielewa, nadhani alielewa kuliko sisi: kwamba ili chumba chake kijengwe ilibidi asiwepo.

Kwa siku nne mama alirudi kwenye mbao. Mbao zilikuwa mkopo ambao haukumfukuza mtu. Mfanyabiashara yule hakuwa na fishi, hakuwa na kamati, angeleta mbao hata kama tungekuwa watu hamsini. Lakini ubao ni ubao, mpya au wa zamani, na lile tundu lilikuwa pale, tumeliziba kwa gunzi la mahindi, na kila mmoja wetu akipita aliliangalia. Mama alitakiwa achague mkopo. Nilivyomwona nyuma ya meza yake, kisu kimesimama juu ya samaki, nilijua kwamba alichokuwa anachagua si mkopo tena.

Jumatatu alienda kwa mtu wa mbao, akakubaliana naye. Alirudi mapema, na uso wake ulikuwa umefunguka. Alimkuta mdogo wake anafunga vitu.

"Nimechukua mbao," mama akasema akiwa bado mlangoni. "Fungua hiyo mizigo."

"Ukairudishe."

"Mudogo wangu, fungua."

"Yaya, nimekimbia mara tatu," mama mudogo akamwambia dada yake. "Kila mara mutu mwengine njo alinichagulia siku. Hii ya ine najichagulia." Aliendelea kukunja nguo za watoto. Akasema kwenye kambi ya Mugunga kuna watu wa kwao wengi, na wiki hii wanaandika wapya. "Jenga ukuta yako. Mawe. Hao watoto wa kwako nao wanaegemea pale."

Mama alimwambia asiende. Alimwambia mara tatu, na mara zote tatu kwa maneno tofauti. Mama mudogo akamjibu mara zote tatu kwa neno lilelile, kwamba ukuta haungoji. Kisha akainua kichwa cha cherehani, akakiweka kwenye kitenge, akageuka ili mtu amsaidie kukifunga mgongoni. Hapo mama alipaswa kusema mara ya nne. Nilikuwa nimesimama pale, nikamsubiri. Mama alisogea, akashika ncha mbili za kitenge, akazifunga.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nami sikusema. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nilikuwa na maneno mengi, walimu walinisifu kwa maneno yangu.

Alhamisi afisa alikuja. Alitukuta sita, hata baba alikuwepo, tumekaa juu ya makochi mawili kama watu wanaopigwa picha. Aliandika sita. Wakati wa kuondoka alipitisha mkono juu ya ubao wa mbele, akaligusa lile gunzi, akasema tu kwamba kweli hapa panahitaji jiwe.

Mama alivunja makubaliano na mtu wa mbao, mkopo ukapita, na mafundi wakafanya kazi wiki sita. Mawe ya volkano yaliletwa kwa lori, meusi, yenye vinyweleo, wakayapasua kwa nyundo tangu asubuhi, na cheche ziliruka kwenye kivuli cha nyumba. Baba, aliyesema hatashika mkono wa fundi, alikuwa akichanganya saruji kila siku aliyopumzika barabarani. Ukuta ulipanda. Ulipopita kimo cha kiuno mama alikuja kusimama mbele yake, na sikuweza kuona uso wake.

Mbao za zamani baba alizing'oa moja moja bila kuzivunja. Zilizokuwa nzima akazichagua, tukamkodi mwenye chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao isiyo na pedeli, akazipeleka Mugunga safari tatu. Safari ya mwisho nilimfuata.

Mama mudogo alikuwa amepewa sehemu kwenye mteremko, kibanda cha miti iliyopindwa na shitingi nyeupe, turubai la msaada, juu yake. Chini yake kulikuwa lava tupu, na ncha zake zilichoma hata kupitia mkeka. Alifurahi kuona mbao. Alianza kuzipanga chini papo hapo, zigusane, ili watoto walale juu ya kitu kilichonyooka. Niliinama kumsaidia. Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima, hotuba nzuri, na nilipofungua mdomo ilitoka kidogo tu.

"Mama mudogo, nilikuja kuomba musamaha. Juu ya ile karatasi."

"Shika huku," akaniambia, akanipa ncha ya ubao. Tukaulaza. Ukacheza, akatafuta kijiwe cha kuutegemeza. Alikuwa bado ameinama aliposema, bila kunitazama:

"Ungeniuliza. Ningekuambia uandike sita. Lakini ungeniuliza."

Tukalaza ubao mwingine. Baadaye alinipa chai, akaniuliza juu ya mitihani.

Deni lilianza kulipwa. Kila mwisho wa mwezi mama alipeleka pesa koperative kabla ya kununua kitu kingine chochote, na Jumapili moja kwa mwezi alikwenda Mugunga na samaki. Chumba kilikuwa tayari: ukuta wa mawe, sakafu ya saruji, dirisha lenye mbao za kufunga. Kila mara alimwambia mdogo wake arudi. Kila mara mdogo wake alimuuliza imebaki miezi mingapi, kwa sababu afisa alikuwa kweli anapita kila miezi mitatu, akichungulia vyumba kwa adabu. Mukimaliza, alisema, nitakuja. Watoto wake walikuja kucheza kwetu na kurudi. Chumba hakikulaliwa na mtu. Mama aliweka humo magunia yake, na wageni walipouliza ni cha nani alisema ni cha mdogo wangu, kana kwamba ametoka kwenda sokoni.

Ilikuwa imebaki miezi minne vita viliposhuka kwa barabara ya Sake. Tulisikia milio siku mbili, minene, ikitikisa vijiko ndani ya vikombe. Siku ya tatu kambi iliondoka. Watu walipita mbele ya nyumba yetu tangu alfajiri hadi jioni, magodoro kichwani, wakienda mjini. Mama alisimama barabarani tangu mwanzo, akiangalia migongo yote, akitafuta kichwa cha cherehani. Wengine walikuwa wamefuata njia nyingine, kwa vilima, kurudi walikotoka. Simu ya mama mudogo haikupatikana. Sisi tulijifungia nyuma ya ukuta wetu wa mawe. Ulikuwa mnene, ulikuwa mzuri, sauti za nje zilifika zimepungua. Nililala nimeuegemea, nikauchukia.

Milio ilipotulia, mama alirudi kwenye meza yake. Ile miezi minne aliilipa yote, hakuchelewa hata siku moja, ingawa nusu ya wadeni wa koperative walikuwa wamekimbia na hakuna ambaye angemfuata. Siku ya malipo ya mwisho alirudishiwa karatasi ya kiwanja. Aliikunja, akaiweka kifuani, na badala ya kwenda nyumbani tukapanda pikipiki kwenda Mugunga. Alijua vizuri hakuna mtu. Tulikuta mteremko mtupu, na mahali vibanda vilipokuwa kumebaki viraka vya lava iliyofagiliwa, kimoja karibu na kingine, mpaka mbali. Mama alitembea kati yake akitafuta kimojawapo. Havikutofautiana. Alisimama kwenye kimoja, nadhani alikichagua tu, kisha akasema twende.

Simu ilikuja baada ya miezi, adhuhuri, tukiwa tunachambua samaki uani. Namba hatukuijua. Mama aliposikia sauti alisimama, akakaa, akasimama tena. Akaweka simu ili nami nisikie. Mama mudogo alikuwa upande wa Lubero, kwa watu wa mume wake. Watoto wote wanne wako. Anashona. Alimuulizia kila mmoja wetu, hata yule muzee wa jirani, kama bado anaishi kwetu, na mama akacheka huku analia.

"Nilimaliza deni," mama akasema. "Karatasi iko kwangu. Chumba yako iko."



"Yaya, mukipangishe."

"Utakuja siku gani?"

"Nitakuja kuwaangalia," mama mudogo akasema. "Barabara ikitulia, nitakuja kuwaangalia kidogo."

Wakaongea mengine, bei ya vitenge, mvua, na salamu za baba. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akijibu ndiyo, ndiyo. Alipomaliza alirudi kwa samaki wake. Tulichambua beseni zima. Kisha akaniambia kesho nipite kwa fundi, nimuulize ni siku ngapi kutoboa ukuta wa mbele na kuweka mlango, kwa sababu mpangaji hawezi kupita katikati ya nyumba ya watu.